Uzito wa Shingo ya Tela na Vyuma vya Kuugawa



Madereva wanaovuta tela ndogo kutoka Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale wamekuwa wakituuliza swali moja kila tunapokutana hapa Nyamityobora. Kwa nini pikapu yenye injini nzuri, inayopanda mlima bila kulalamika, inakuwa nyepesi kwenye usukani mara tu tela inapofungwa nyuma yake? Taa za mbele zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Kona inachelewa kuitika. Ukigusa breki kwenye changarawe, tairi za mbele zinaserereka mapema. Mwenye gari akiambiwa hujibu kwamba gari ni zima, dereva ndiye mwoga.

Tumeona inafaa kulieleza jambo hili kwa urefu, maana jibu lake haliko kwenye injini wala kwenye moyo wa dereva. Liko kwenye shingo ya tela.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya tela gani. Hatuzungumzii semitela za barabara kuu ya Kampala na Kabale, ambazo hulaza kichwa chake juu ya sahani ya trekta la kuvuta. Wala hatuzungumzii tela kubwa zenye ekseli ya mbele inayogeuka, kwa sababu hizo hujibebea mzigo zenyewe. Tunazungumzia tela yenye ekseli moja, au mbili zilizokaribiana katikati, ambayo shingo yake hukaa juu ya gololi ya chuma nyuma ya gari. Tela ya namna hii hubeba tenki la maji, jenereta, mashine ya kuchanganya zege, vifaa vya kliniki, na mara nyingine huwa ni nyumba kamili ya magurudumu, yaani karavani. Huku kwetu karavani si nyingi, lakini kanuni ni ile ile. Tena vyuma tutakavyovieleza hapa chini vilibuniwa hasa kwa ajili ya karavani.

Mtu yeyote aliyewahi kusukuma baiskeli ya matoke anayajua mambo haya tayari. Mikungu ukiifunga juu ya ekseli ya nyuma, baiskeli inakwenda. Ukiifunga nyuma zaidi ya gurudumu, gurudumu la mbele linaruka na usukani hauna kazi. Pikapu ni vile vile. Ekseli ya nyuma ni kama kigingi. Uzito ukikandamiza nyuma ya kigingi, mbele panainuka.

Tuchukue hesabu ya mfano. Tela pamoja na mzigo ina kilo 1,600, na shingo yake inakandamiza gololi kwa kilo 200. Pikapu ina mita 3 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na gololi iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 200 kwa 1.2, kisha ugawe kwa 3. Unapata 80. Maana yake ekseli ya mbele imepoteza kilo 80. Na ekseli ya nyuma je? Wengi hudhani imeongezewa kilo 200. Sivyo. Imeongezewa kilo 280, yaani zile 200 za shingo pamoja na 80 zilizohama kutoka mbele. Ndiyo sababu springi za nyuma hulala chini kuliko mtu alivyotegemea, na ndiyo sababu tairi za nyuma hupata moto hata kama mzigo wa ndani ya pikapu ni mdogo.

Kilo 80 zinaweza kuonekana ni kitu kidogo, uzito wa abiria mmoja. Lakini tairi za mbele ndizo zinazogeuza gari, na breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Ukiziondolea uzito kwenye lami kavu utasikia tofauti ndogo. Ukiziondolea uzito kwenye udongo mwekundu, pale tunapoiacha lami upande wa Isingiro na mvua imenyesha asubuhi, tofauti hiyo inatosha kulipeleka gari mtaroni.

Basi mtu atasema: dawa ni rahisi, tupunguze uzito wa shingo, tusukume mzigo nyuma ya tela. Hapa ndipo watu wanapokufa. Tela yenye shingo nyepesi hucheza. Upepo wa lori likikupita, au shimo moja la upande wa kushoto, huanzisha mtikisiko. Mkia wa tela unakwenda kulia, unarudi kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka tela inaiongoza gari badala ya gari kuiongoza tela. Kwa hiyo shingo haiwezi kuwa nyepesi mno wala nzito mno. Kipimo kinachotumika kwa tela zilizotengenezwa kwa mtindo wa Marekani ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela ikiwa imepakiwa. Kwa tela yetu ya kilo 1,600 hiyo ni kilo 160 hadi 240. Tela nyingi za Ulaya zimeundwa kwa shingo nyepesi zaidi, mara nyingi asilimia 5 hadi 7, na gololi zake hazikubali zaidi ya hapo. Kwa hiyo msibishane kwa maneno. Someni kibao kilichogongwa kwenye shingo ya tela na kile cha ndoano ya gari, kisha mfuate kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Shingo inapimwaje? Kwa macho haipimwi, ingawa kila upakiaji utamkuta mzee mmoja anayeapa kwamba anaweza. Njia nzuri ni mizani ya jukwaa ya wafanyabiashara wa mahindi na maharagwe. Egesheni tela mahali tambarare, zuieni magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, kisha shusheni shingo juu ya gogo lililosimama kwenye mizani, gogo lenye urefu wa kuiweka shingo katika kimo kile kile itakachokuwa nacho safarini. Someni. Basi.

Kama mizani iliyopo ni ile ndogo ya kupimia watu, ambayo haistahimili kilo 200, tumieni ubao mgumu. Upande mmoja wa ubao uweke juu ya matofali, upande wa pili juu ya mizani, na vituo hivyo viwili viachane sentimita 120. Shingo ikae juu ya ubao sentimita 40 kutoka kwenye matofali. Mizani itabeba theluthi moja tu ya uzito. Someni kwanza uzito wa ubao wenyewe na mwuondoe, halafu kinachobaki mkizidishe mara 3. Mizani ikionyesha kilo 65 baada ya kuondoa ubao, shingo ina kilo 195. Njia hii haina gharama, na tunashangaa kwamba kampuni zenye ofisi nzuri na kompyuta hazina ubao mmoja wa kazi hii.

Sasa upakiaji. Kitu kizito kikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na pande mbili za tela zilingane. Hesabu ya mizigo yetu ni nyepesi kukumbuka: mfuko wa saruji kilo 50, dumu la lita 20 la maji kilo 20, gunia la mahindi mara nyingi kilo 100. Mifuko minne ya saruji ikihamishwa kutoka nyuma ya ekseli kwenda mbele yake, shingo inabadilika sana, na kazi hiyo haichukui dakika kumi. Tatizo ni kwamba wapakiaji hulipwa kwa haraka yao. Wao hupakia kuanzia mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ndio mkia wa tela. Dereva asipokuwapo wakati wa kupakia, mkia utajazwa kwanza, na si kwa ubaya wa mtu.

Maji ni habari ya peke yake. Lita moja ni kilo moja, hivyo tenki la lita 1,000 lina tani moja ya maji, na wale wanaoyapeleka Nakivale wanajua thamani ya kila lita pale. Lakini tenki lisilo na vigawanyo ndani, likiwa nusu, lina mzigo unaotembea. Ukipanda kilima maji yanakimbilia nyuma na shingo inakuwa nyepesi. Ukifunga breki yanakuja mbele na kuisukuma gari. Uzito wa shingo uliopima Mbarara si uzito utakaokuwa nao kilimani. Tenki hilo ama lijae, ama liwe tupu, au liwe na vigawanyo. Dereva anayeambiwa agawe maji nusu tenki hapa na nusu kule ana haki ya kuuliza kama vigawanyo vipo.

Tuseme sasa kwamba mmeshapima, mmeshapakia vizuri, shingo ina kilo 200 halali kabisa, na bado nyuma ya gari inalala na mbele imeinuka. Hapo ndipo kinapokuja chombo cha kugawa uzito. Ni kichwa kizito cha ndoano chenye vyuma viwili virefu vya springi, kimoja kila upande, vinavyotoka chini ya gololi na kwenda nyuma chini ya shingo ya tela. Ncha za vyuma hivyo hufungwa kwa minyororo kwenye mabano yaliyo juu ya fremu ya shingo, na kuvutwa juu mpaka vipinde.

Kinachotokea ni kama kushika mikono ya toroli na kuiinua: uzito unakwenda kwenye gurudumu lililo mbele. Vyuma vikivutwa juu, vinaiinua nyuma ya gari na kurudisha uzito kwenye ekseli ya mbele. Wakati huo huo vinakandamiza ekseli ya tela. Turudi kwenye hesabu yetu, na tuseme ekseli ya tela iko mita 4 nyuma ya gololi. Bila vyuma, mbele imepoteza kilo 80 na nyuma imeongezewa 280. Vyuma vikikazwa mpaka nusu ya hasara ya mbele irudi, mbele itakuwa imepungukiwa kilo 40 tu, nyuma imeongezewa karibu 217, na ekseli ya tela imepokea karibu 23. Vikikazwa mpaka hasara yote irudi, mbele haitakuwa imepoteza kitu, nyuma itakuwa imeongezewa karibu 154, na ekseli ya tela karibu 46. Jumlisheni mtaona: kila mara ni zile zile kilo 200 za shingo.

Tunataka jambo hili lieleweke vizuri. Chombo hiki hakipunguzi hata kilo moja. Kinagawa tu. Mwajiri akisema, "Nimewanunulia vyuma, sasa ongezeni mifuko kumi," amekosea, na dereva amwambie hivyo kwa adabu. Mipaka ya gari, ya ndoano, ya ekseli na ya tairi inabaki pale pale ilipoandikwa.

Tena si kila gari linafaa kufungiwa. Vyuma hivi hukunja ndoano kwa nguvu kubwa, na ndoano iliyochomelewa kwenye bampa, au kwenye kipande cha chuma kilichookotwa nyuma ya gereji, itang'oka. Mafundi wetu wa kuchomea ni hodari, hatuwadharau, lakini lazima ndoano ifungwe kwa bolti kwenye fremu yenyewe ya gari na iwe na kibao kinachotaja kwamba inakubali kugawa uzito. Kitabu cha gari kisomwe, kwa maana watengenezaji wengine wanakataza kabisa. Tela yenye breki za kusukumwa, zile zinazofanya kazi shingo inapojikunja ndani gari linapopunguza mwendo, haifai kuwekewa vyuma hivi mpaka mtengenezaji amesema vinapatana, kwa sababu vinaweza kuizuia shingo isijikunje na breki zisishike. Na shingo nyembamba za tela nyingi za Ulaya hazikuundwa kuvutwa namna hiyo.

Vyuma vyenyewe vina daraja za nguvu. Chagueni vinavyolingana na uzito wa shingo mliopima. Vikiwa dhaifu, mtakaza mpaka mwisho na mbele haitashuka. Vikiwa vigumu mno, havitapinda kwenye mashimo, na kila pigo litakwenda kwenye fremu ya tela mpaka ipasuke. Kwa barabara zetu hilo la pili ndilo baya zaidi.

Kufunga kunahitaji watu wawili, mahali tambarare, na nusu saa isiyo na mtu anayepiga honi. Gari liwe na mzigo wake wa safari, mafuta na watu wake; tela nayo vile vile. Tairi zote zipimwe upepo kwanza, maana tairi laini hudanganya vipimo vyote vinavyofuata.

Pimeni gari kabla halijafungwa tela: kutoka ardhini, kupita katikati ya gurudumu la mbele, hadi ukingo wa madigadi. Andikeni. Tuseme ni sentimita 88. Kisha isawazisheni tela kwa jeki yake mpaka fremu iwe sambamba na ardhi, na mpime kimo cha kikombe cha shingo. Gololi iwekwe juu kidogo ya kimo hicho, mara nyingi sentimita 2 hadi 3, kwa sababu gari litashuka likibeba. Kitabu cha chombo hutaja kiasi.

Fungeni kikombe juu ya gololi, mkifunge kwa komeo na pini. Hakikisheni kimeshika kweli kweli kwa kuinua shingo kwa jeki: nyuma ya gari ikiinuka pamoja nayo, kimeshika. Minyororo ya usalama ipite chini ya shingo kwa kukatana, ili shingo ikichomoka iangukie juu ya minyororo na si barabarani. Waya wa taa na kamba ya breki ya dharura viunganishwe, na kamba hiyo isifungwe kwenye minyororo wala kwenye gololi. Ifungwe kwenye gari lenyewe.

Sasa shusheni jeki bila kukaza vyuma, mpime mbele mara ya pili. Tuseme sentimita 92. Gari limeinuka 4. Watengenezaji wengi wa sasa wanataka walau nusu ya kiasi hicho irudi, wengine wanataka irudi yote, na kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Kwa mfano wetu, lengo ni sentimita 90 kushuka chini, lakini isipite 88. Mbele ikishuka kuliko ilivyokuwa kabla ya tela, mmekaza kupita kiasi. Tairi za nyuma zimekuwa nyepesi, na gari litaweza kujikunja na tela kwenye kona yenye utelezi.

Kabla ya kukaza vyuma, inueni kwa jeki shingo pamoja na nyuma ya gari, juu ya kutosha mpaka minyororo ifikie mabano kwa urahisi. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka, nayo ndiyo inayokata vidole. Katika hesabu yetu, vyuma vyenye urefu wa sentimita 75 vikirudisha hasara yote huvuta kila mnyororo kwa zaidi ya kilo 120. Bano likiponyoka mkononi mwa utingo, mpini wa kukazia hurudi na nguvu hiyo yote. Jeki ikiinua kwanza, nguvu ya kukaza inabaki kidogo tu. Tumieni mpini mrefu uliotengenezwa kwa kazi hiyo, simameni pembeni na si juu yake, wala msiweke kidole kati ya bano na fremu. Pini ya bano iingizwe mara moja.

Hesabuni pete za mnyororo, ziwe sawa kulia na kushoto. Shusheni jeki, mpime mara ya tatu. Ikiwa mbele haijashuka vya kutosha, kazeni pete moja zaidi kila upande. Ikiwa pete zimekwisha, au ncha za vyuma zimepanda karibu na fremu, msilazimishe mnyororo. Kichwa cha ndoano kilazwe zaidi kuelekea nyuma, kwa kubadilisha pini au vikombe vya bolti zake. Kikilazwa hivyo, ncha za vyuma zinashuka, na pete zile zile huvuta zaidi. Mkimaliza, vyuma viwe karibu sambamba na fremu ya tela, na minyororo iwe karibu wima. Bolti zote zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa, zikaguliwe tena baada ya kilomita chache za mwanzo.

Mwenye kutaka uhakika zaidi apite kwenye mizani ya magari mara tatu: gari peke yake, gari na tela bila vyuma, gari na tela vyuma vikiwa vimekazwa. Uzito wa kila ekseli ukiandikwa, hakuna tena ubishi kati ya dereva na mwenye gari.

Njiani, lami ikiisha na makorongo kuanza, mwendo upungue sana. Gari likianza kupanda kutoka korongoni huku tela bado inashuka, vyuma hupinda kuliko vilivyokusudiwa. Palipo na bonde kali au daraja lililovunjika kingo, simameni mlegeze vyuma, mpite polepole, mkaze tena ng'ambo. Ni usumbufu, tunajua. Kupinda kwa fremu ni usumbufu mkubwa zaidi. Ikiwa kuna chuma cha kusugua cha kuzuia tela isicheze, kiondolewe kabla ya kurudi nyuma, na sehemu zake za kusugua zisipakwe grisi hata kidogo.

Tela ikianza kucheza, usifunge breki ya gari kwa nguvu na usiongeze mafuta. Shika usukani wima bila kuufuata mkia, ondoa mguu taratibu kwenye mafuta, na ikiwa breki za tela zina kishikio chake ndani ya gari, kivute hicho peke yake. Mwendo ukishuka, tela itatulia. Kisha simama, uangalie mzigo umehamia wapi.

Wenzetu wa matrekta ya shambani wameuliza kama vyuma hivi vinawafaa. Haviwafai, wala hawavihitaji. Lakini onyo la mbele kuinuka linawahusu kuliko mtu yeyote. Tela ya trekta ifungwe kwenye ndoano ya chini tu. Ikifungwa juu, kwenye mkono wa tatu au kwenye ekseli, trekta likivuta kwa nguvu mlimani hupinduka kwa nyuma juu ya dereva, na hapati muda wa kuruka.

Yatosha kuhusu vyuma. Linalobaki ni la muda na fedha. Dereva anayelipwa kwa safari hupoteza pato lake akitumia nusu saa kupima, na utingo anayelipwa kwa siku haambiwi jeki inawekwa wapi. Msimamo wetu ni kwamba kupima na kufunga ni kazi kama kuendesha, na malipo yahesabu muda huo. Madai haya yawekwe mezani katika kila mazungumzo na mwajiri mwenye tela.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwajiri wajibu wa kuhakikisha kazi ni salama, na inamruhusu mfanyakazi kujiondoa kwenye hatari ya karibu anayoiona kwa sababu za kweli. Ndoano iliyochomelewa kwenye bampa ni sababu ya kweli. Vivyo hivyo, sheria ya fidia kwa wafanyakazi haimnyimi fidia aliyeumia kazini kwa kuwa tu alikuwa mzembe. Tunasema hivyo kwa sababu maneno ya kwanza anayoambiwa utingo aliyekatika kidole huwa ni hayo: "Ni uzembe wako." Ajali itolewe taarifa kwa mwajiri upesi, kwa maandishi, na jambo likipuuzwa lipelekwe kwa afisa kazi wa wilaya.

Tunaomba kila gari linalovuta tela libebe daftari moja. Kila safari iandikwe tarehe, namba ya tela, uzito wa shingo, vipimo vitatu vya mbele ya gari, idadi ya pete kulia na kushoto, na jina la aliyesimamia upakiaji. Dereva aweke sahihi, na msimamizi wa upakiaji aweke yake. Daftari likae ndani ya gari, na kila mwisho wa mwezi nakala apewe mwakilishi wa wafanyakazi.